Orodha ya Waongo

Thayne Mortensen alikuwa na miaka sabini na minne alipogundua kwamba amemwita mwongo mwanamke aliyesema kweli, tena mbele ya watu elfu sita. Aligundua mchana kweupe, amepiga magoti kwenye chumba cha chini cha nyumba ya shangazi yake, ngano imemjaa mikononi.

Shangazi Velda alikuwa amefariki mwezi wa Machi akiwa na miaka tisini na saba. Aliacha chumba cha chini kilichopangwa kama duka: makopo ya pichi, maharage, chumvi, na madebe ishirini na mawili ya ngano. Kila nyumba ya Wamormoni katika bonde la Sanpete ina akiba kama hiyo, ya mwaka mzima, kwa ajili ya siku mbaya ambayo haijafika. Thayne na dada yake mdogo, Norda, walikuwa wakifungua madebe moja moja, ngano iliyoingia wadudu wampe jirani mwenye mabata mzinga. Katika debe la kumi na nne mkono wa Thayne uligonga kitu kigumu. Akakivuta. Kilikuwa kitabu chenye jalada jeusi, kimefungwa kwa kitambaa cha nta, na mwandiko wa ndani ulikuwa wa Kidenmaki.

"Hiyo ni nini?" Norda aliuliza.

"Shajara ya Maren."

"Si iliungua?"

"Shangazi ndiye aliyesema iliungua," Thayne alijibu, na sauti yake mwenyewe ilimtisha.

Maren Mortensen alikuwa mkubwa wa ukoo, aliyevuka jangwa akitoka Denmaki, mama wa watoto wanane. Mwaka 1974 Shangazi Velda alichapa shajara yake kwa Kiingereza, ikatolewa kitabu, na kila nyumba ya Mortensen ikapata nakala yake na kuiweka karibu na maandiko. Shajara yenyewe, alisema Velda, ilipotea katika moto wa zizi mwaka huohuo. Nani angembishia? Kitabu kilikuwepo, na kilikuwa kizuri.

Thayne aliweza kusoma Kidenmaki. Akiwa na miaka kumi na tisa kanisa lilimtuma Denmaki kuhubiri mlango kwa mlango, miaka miwili, na lugha ilimkaa. Hakuanza ukurasa wa kwanza. Alikwenda moja kwa moja tarehe kumi na moja Machi 1901, kwa sababu tarehe hiyo alikuwa ameipigania wiki tatu za majira ya baridi yaliyopita, akashinda.

Mapambano yenyewe yalikuwa kwenye mtandao, katika jukwaa liitwalo Njia ya Mapainia, lenye wanachama elfu sita. Kwa miaka kumi na moja, kila asubuhi baada ya uji wa shayiri, Thayne aliingia humo kwa jina la Jiwe la Pembeni kuitetea historia ya kanisa la Wamormoni. Aliitetea dhidi ya waliotoka, wanaokaribia kutoka, na wale waliobaki ndani kwa kupenda ubishi tu. Maisha yake yote alikuwa mpima ardhi, mtu wa vipimo na nyaraka, na silaha yake ilikuwa moja: leta waraka wa asili. Ukiukosa, alikuchinja taratibu, kwa adabu zote, na watu wakashangilia. Tusimpake mafuta kwa mgongo wa chupa: alipenda kushangiliwa.

Mwezi wa Desemba mtu mmoja aliyejiita Kware aliandika ujumbe mfupi. Alma Mortensen, babu yake Thayne, hakuwa mtoto wa Maren, alisema Kware. Maren alikuwa na miaka arobaini na saba Alma alipozaliwa. Mama wa mtoto alikuwa Hulda Ipsen, mke wa pili wa Peder, mume wa Maren, aliyeolewa kwa siri Machi 1901. "Niliisoma shajara yenyewe," aliandika. "Sitaki kumwaibisha mtu. Nataka tu mwanamke huyu asisahaulike."

Hapo ndipo palipouma. Kanisa lilikuwa limetangaza mwaka 1890 kwamba ndoa za wake wengi basi. Kwamba wako walioendelea kwa siri miaka kadhaa baadaye, hilo hata kanisa lenyewe linakiri, na Thayne alikuwa amelikiri mara nyingi jukwaani. Lakini kukiri kwamba wako watu walifanya ni rahisi. Kazi huja ukiambiwa kwamba mmoja wao ni wa kwenu.

Jiwe la Pembeni alijibu ndani ya saa moja. "Sara alizaa akiwa na miaka tisini, Kware. Utasema na Isaka ni wa jirani?" Watu mia mbili walicheka. Kisha akaweka picha ya ukurasa wa kitabu cha ukoo. Kumi na moja Machi, 1901: Upepo mkali. Nimefua mablanketi. Hapakuwa na zaidi. Chini yake akaandika: "Shajara iliungua 1974. Mwenzetu huyu amesoma majivu."

Wasimamizi wa jukwaa walimpa Kware siku moja aondoe maneno yake. Hakuyaondoa. Wakamfungia nje maisha, na jina lake likabandikwa juu kabisa, mahali ambapo kila anayeingia hupaona, kwenye orodha waliyoiita Orodha ya Waongo. Haikuishia hapo. Mshabiki mmoja wa Thayne, aliyejiita Panga la Labani, alichimba hadi akapata jina halisi la Kware na mji anakoishi, akayaanika yote. Ardith Colvin, mkazi wa mji mdogo maili thelathini kusini mwa bonde. Thayne alijua kabisa kwamba hilo si la kiungwana. Aliuwekea ujumbe ule dole la kuupongeza. Dole moja tu, kisha akaenda kulisha paka. Mtenda husahau, mtendewa hasahau.

Sasa alikuwa ameketi juu ya debe, amevaa miwani, anasoma mwandiko wa Maren.

Hulda Ipsen ameingia leo nyumbani kama mke. Nimempa chumba chenye jiko, maana ana kifua. Mimi nimelala na wasichana. Upepo mkali. Nimefua mablanketi.

Akafunua mbele hadi Desemba 1902.

Hulda ametutoka alfajiri. Mtoto ni mzima, wa kiume. Aliniomba asiitwe yatima. Mtoto ni wangu. Jina la mama yake tumekubaliana tusilitaje, mpaka Mungu alitaje.

Alimtafsiria Norda polepole. Norda alikuwa mwanamke wa vitendo, aliyezika mume na kuolesha mabinti wanne bila kumwaga chozi hadharani. Alisikiliza mpaka mwisho, akachukua kitambaa cha nta, akamnyooshea.

"Rudisha kwenye debe."

"Norda."

"Rudisha, kaka. Shangazi hakuwa mjinga. Alijua anachofanya."

"Yule mama aliitwa mwongo. Mimi ndiye niliyemwita."

"Kwenye kompyuta! Huko watu wanaitana mashetani kabla hawajanywa hata maji. Kesho wamesahau."

"Yeye hajasahau."

"Umemuuliza?" Norda akaketi kwenye ngazi. "Julai wanakuja watu mia tatu hapa kumkumbuka Maren. Wewe ndiye mwenyekiti. Utasimama uwaambie nini? Kwamba babu Alma alikuwa mtoto wa nje?"

"Hakuwa wa nje. Alikuwa wa ndani kabisa. Ndani mpaka debeni."

Norda hakucheka, na Thayne mwenyewe hakuwa amekusudia kuchekesha.

Jambo lililomchoma zaidi hakumwambia dada yake. Watu wa kanisa hili hubatizwa hekaluni kwa niaba ya wafu wao waliokufa bila kubatizwa, na kwa hiyo huwinda majina ya wafu kama wengine wanavyowinda paa. Kwa miaka thelathini, kila Alhamisi, Thayne alipanda kilima cha hekalu la Manti na karatasi ya majina mfukoni. Alikuwa amepeleka humo majina ya wafu elfu nne: wavuvi, wajakazi, mwokaji mikate mmoja wa Aalborg aliyekufa kwa ndui. Elfu nne, na wengi hata hawakuwa ndugu zake. Mama mzazi wa babu yake hakuwamo.

Jumatano aliichukua shajara, akaendesha gari kwenda kusini.

Ardith Colvin alifungua mlango kabla hajabisha mara ya pili. Alikuwa mjane wa miaka sitini na sita, mwembamba, mwenye nywele fupi nyeupe, aproni ina unga.

"Ndugu Mortensen," alisema. "Sura yako naijua. Uko kwenye kitabu cha ukoo wenu, umeshika samaki."

"Dada Colvin, naweza kuingia?"

"Viatu vina tope. Pitia jikoni."

Jikoni Thayne alibaki amesimama. Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, nayo yakatoka yamenyooka kama barua ya ofisi: kwamba alikosea, kwamba alimdhulumu, kwamba anaomba radhi kwa moyo wote. Mwanamke alimsikiliza huku akiosha mikono.

"Umenitukana barazani," alisema, "unaniomba radhi jikoni?"

Thayne aliweka shajara mezani. Mwanamke alifuta mikono mara mbili, akaketi, akafungua kitabu kwa ncha za vidole. Hakutafuta ukurasa. Aliufikia tu, kama mtu anayejua swichi ilipo gizani.

"Mwaka sabini na tatu nilikuwa mwanafunzi chuoni Ephraim," alisema. "Shangazi yako alinipa chumba bure. Mama yangu ni wa Odense, kwa hiyo Kidenmaki nakijua. Jioni nilisoma kwa sauti na kugeuza Kiingereza, yeye akachapa. Tukafika hapa. Nikasoma, 'Hulda Ipsen ameingia leo nyumbani kama mke.' Shangazi yako akainua mikono kwenye mashine. Kisha akasema, 'Soma tena, kuanzia upepo.'"

"Ukafanyaje?"

"Nilisoma kuanzia upepo." Alifunga kitabu. "Nilikuwa na miaka ishirini, nalala bure kwake. Huo ndio uwongo wangu, Ndugu Mortensen, kama ulikuwa unautafuta. Ungeniweka kwenye orodha kwa huo, ningenyamaza."

Thayne aliketi bila kukaribishwa. Aliuliza swali ambalo baadaye alilionea haya. "Kwa hiyo wewe bado unaamini?"

"Naenda kanisani kila Jumapili. Wewe ndiye uliyenitoa. Ujumbe wako wa kumi na saba: 'Hawa waasi na chuki zao.' Niliuhesabu."

"Dada Colvin..."

"Na ngoja nikwambie lingine, maana najua linakuwasha. Mwaka uleule nilipeleka jina lake hekaluni. Nilibatizwa mimi mwenyewe kwa niaba ya Hulda. Liko kwenye kumbukumbu tangu sabini na tatu. Hukulitafuta kwa sababu hukuamini kwamba mtu huyo aliwahi kuishi."

Thayne alivua miwani. Alilia pale mbele ya mwenyeji wake, mbele ya unga na bakuli la hamira, bila kujificha, na mwanamke alimwacha alie. Hakumpa kitambaa wala pole.

Alipotulia, Ardith alimwonyesha chumba cha pembeni. Kulikuwa na meza, taa nzuri, kioo cha kukuzia, na viti viwili. Kwa miaka ishirini na sita watu wa kata yake, ndivyo wanavyoliita kusanyiko lao, walimletea hapo masanduku ya karatasi za mabibi zao awasomee na kuwapangia. Ilikuwa kazi yake kanisani na furaha yake nyumbani. Tangu Januari hakuna aliyekuja. Hakuna aliyemsema vibaya pia. Wale ni watu wapole. Waliacha tu kuja.

"Mtu anayetunga shajara," alisema, "nani atampa barua za bibi yake?"

Jioni hiyohiyo Thayne aliandika jukwaani. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na moja alitia sahihi jina lake halisi. Aliweka picha za kurasa zote mbili, akaeleza debe la ngano, akataka Kware arudishwe na jina lake lifutwe kwenye orodha. Alidhani wataguswa. Mtu mzima, lakini alidhani hivyo.

Wa kwanza kujibu alikuwa Panga la Labani. "Hii si sauti ya Jiwe. Akaunti imeibwa." Wa pili: "Shajara iliungua, Jiwe mwenyewe alisema. Huyu naye amesoma majivu?" Mia moja na arobaini walicheka. Wa tatu alisema picha hata mtoto hutengeneza, leta waraka wa asili. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na Thayne alikaa chini kabisa ya kisima chake, akisikiliza maneno yake yakimrudia kutoka vinywani mwa wengine. Kabla ya saa mbili kupita ujumbe wake ulikuwa umefichwa. Msimamizi alimwandikia faraghani kwa upole mwingi: wanamheshimu, wameficha ili kuilinda familia yake, wanampa siku moja auondoe mwenyewe. Jina la Kware litabaki orodhani kwa sasa. Watalijadili.

Hakuuondoa. Kesho yake mlango wa jukwaa haukumfungukia.

Basi ilibaki njia moja, na ndiyo aliyokuwa akiikwepa tangu mwanzo. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi Wamormoni hufunga, na kanisani siku hiyo hakuna mhubiri. Yeyote mwenye ushuhuda husimama, huenda kwenye kipaza sauti, na husema. Hata mgeni. Hakuna wa kumficha wala wa kumfuta.

Norda alipiga simu Jumamosi. Tayari alijua, katika bonde lile habari hazihitaji mtandao.

"Ukienda kusimama kule, Julai usiongoze mkutano."

"Mwambie binamu Grant aongoze."

"Thayne, unataka na mimi nisije kwako tena?"

"Uje. Siku zote uje."

Norda alikata simu. Wawili hao walikuwa hawajawahi kukatiana simu tangu wazaliwe.

Kanisa la kata ya Ardith lilikuwa la matofali mekundu, limejaa vichanga wanaolia na wazee wanaosinzia kwa njaa ya mfungo. Thayne alikaa nyuma, tumbo tupu, karatasi mfukoni. Ardith alikuwa safu ya tatu, peke yake, na viti vya pande zake zote mbili vilikuwa wazi ingawa kanisa lilijaa. Mtoto mmoja alimshukuru Mungu kwa mbwa wake. Mkulima alishukuru kwa theluji milimani, kwamba mwaka huu mifereji haitakauka. Kisha Thayne akasimama. Alikwenda mbele hadi kwenye kipaza sauti.

Alifungua karatasi. Usiku uliotangulia alikuwa ameiandika kwa makini na kuifupisha mara nne.

"Ndugu zangu, jina langu ni Thayne Mortensen. Hamnijui. Mimi ndiye niliyeandika kwenye mtandao kwamba Dada Ardith Colvin ni mwongo. Niliandika mara nyingi, na niliandika vizuri, ndiyo maana mliamini. Jina lake lilipoanikwa mpaka likafika hapa kwenu, nilifurahi." Mahali fulani mtoto alinyamazishwa. "Nimeiona shajara yenyewe. Nimeishika. Alichokisema Dada Colvin, kuhusu jambo la zamani katika ukoo wetu, kilikuwa kweli neno kwa neno. Mwongo alikuwa mimi, maana nilidai waraka ambao sikuwahi kuutafuta. Namwomba radhi mbele yenu, kwa kuwa mbele yenu ndipo nilipomharibia. Kama mna barua za mabibi zenu, mpelekeeni. Hakuna mikono salama kuliko yake."

Akakunja karatasi. Askofu wa kata alikuwa anamtazama, macho mekundu. Thayne alihisi wepesi wa mtu aliyetua mzigo, akageuka arudi.

"Ndugu Mortensen."

Ilikuwa sauti ya Ardith. Katika mkutano ule mtu hasemi kutoka kitini, haijapata kuonekana. Vichwa vyote viligeuka. Alikuwa amesimama, ameshika kiti cha mbele yake.

"Hujamtaja," alisema.

Thayne alisimama kando ya kipaza sauti. Alijua. "Jambo la zamani katika ukoo wetu": maneno hayo aliyachagua mwenyewe, kwa ajili ya Norda, kwa ajili ya watu mia tatu wa Julai, kwa ajili ya babu Alma kwenye picha yake ukutani. Alikuwa amekuja kumsafisha mwanamke mmoja na kumwacha mwingine palepale alipokuwa. Ardith hakuketi. Alimngoja, bila hasira, na Thayne akaona kwamba mwanamke huyu hakuwahi, hata siku moja, kupigania jina lake mwenyewe.

Alirudi kwenye kipaza sauti.

"Hulda Ipsen," alisema. Akalitaja tena, karibu zaidi na kipaza sauti. "Hulda Ipsen. Alikuwa mke wa pili wa Peder Mortensen, mwaka 1901, wakati ambao haikuruhusiwa. Alikuwa na kifua. Alifariki akimzaa Alma, babu yangu, na tukamfuta. Ndiye mama yetu. Nilikuwa namwonea aibu hata dakika hii, na ninaomba anisamehe."

Akamalizia kwa jina la Yesu Kristo, kama ilivyo desturi, na kata nzima ikaitikia amina, wengine kwa nguvu, wengine nusu mdomo. Ardith Colvin hakuitikia. Alikuwa ameketi, amefunika uso kwa viganja, analia kwa sauti, na mwanamke wa safu ya nyuma alikuwa anahama kwenda kukaa kando yake.